Picha ya Shahidi

Kuchapa picha za nyeusi na nyeupe ni kazi ya gizani, isipokuwa hatua za mwisho. Karatasi huangaziwa chini ya mashine ya kukuzia, husafishwa kwa dawa, hukatizwa kwa maji ya siki, kisha hulazwa kwenye fiksa. Muda wote huo taa ni nyekundu na mlango umekazwa. Fiksa ikishafanya kazi yake, taa nyeupe huwashwa, na hapo mchapaji anayetaka huitia picha yake kwenye beseni la seleni, akiitazama yeye na yeyote aliyesimama karibu. Nimeishi na kazi hii tangu ujana, kwanza Mombasa kisha London, na nikifundisha vijana huwaanzishia hapo, ingawa kwa mpangilio wa kazi seleni huja karibu na mwisho. Beseni hilo hufichua yaliyofanywa gizani. Anayelielewa hahitaji kuhubiriwa kwa nini hatua za mwanzo zina adabu zake.

Seleni ni elementi ya ukoo mmoja na salfa. Aliyeitambua ni Mswidi Jöns Jacob Berzelius, mwaka 1817. Katika chupa ya tona, dawa ya kuigeuza rangi ya picha, huwa imeyeyushwa pamoja na thaiosalfeti ya amonia, ndiyo maana ukifungua kifuniko harufu ya amonia inakuingia puani kabla hujamaliza kusoma onyo. Nalo onyo si la kupuuzwa: seleni ni sumu. Glavu zivaliwe, feni izunguke, na dawa iliyotumika isimwagwe penye njia ya kwenda mtoni, kwani viumbe wa majini hudhurika nayo upesi.

Picha ikizama humo, chembe za madini ya fedha zinazofanya weusi wake huungana na seleni zikawa selenidi ya fedha, ambayo hewa chafu huishambulia kwa shida kuliko fedha tupu. Jicho huona mambo mawili. La kwanza, vivuli vinazama: weusi uliokuwa wa kijivujivu unapata kina, na picha nzima inasimama. La pili, rangi inahama. Karatasi za ubaridi hubadilika kidogo tu, ule ukijani wake ukitoweka. Karatasi za joto, mfano Multigrade Warmtone ya Ilford, huweza kwenda mpaka kahawia yenye wekundu, na zikiachwa zaidi hukaribia rangi ya biringani.

Mombasa sikuijua seleni. Mjomba wangu alikuwa na studio ya chumba kimoja na nusu katika Mji wa Kale. Mbele palikuwa pa kupigia picha, penye pazia lililochorwa minazi na ngazi za jumba ambalo halikuwepo popote duniani. Nyuma ya pazia ndipo palipokuwa na nusu chumba cha giza. Mji ulikuwa na studio zenye sifa. Ya N. V. Parekh ilivuta watu wa kila kabila waliotaka kuonekana wamependeza, na ng'ambo Unguja, Capital Art Studio ya Ranchhod Oza ilikuwa kazini tangu 1930. Mjomba hakujipima nazo. Aliishi kwa picha za pasipoti, vitambulisho, wanafunzi wanaomaliza shule, na siku za Idi, ambapo foleni ya watoto wenye kanzu mpya na viatu vya kubana ilifika mpaka kwa muuza kahawa.

Tona pekee niliyoiona kwake ilikuwa ya salfa, ile inayogeuza picha ikawa hudhurungi na kunuka mayai viza. Hata hiyo ilitoka kabatini kwa nadra, pale mzee fulani alipotaka picha yake ifanane na ya babake. Wateja wengine walitaka weusi uwe weusi na weupe uwe weupe, na walitaka kesho yake.

Alichokuwa nacho Mjomba ni ukali juu ya fiksa. Fiksa ndiyo inayoyeyusha zile chumvi za fedha ambazo mwanga haukuzigusa, na zikibaki kwenye karatasi zitakuja kuwa madoa. Kila picha inayopita huiachia mzigo wake, na fiksa iliyobeba mzigo mkubwa hufanya kazi nusu huku ikionekana nzima. Kwa hiyo yeye aliweka mabeseni mawili. La kwanza lilibeba uchafu mwingi, la pili lilimalizia. La kwanza likichoka alilimwaga, la pili likapanda cheo, na dawa mpya ikawekwa nyuma yake. Wakati mmoja nilimlalamikia kwamba studio nyingine hutumia beseni moja na wateja wao hawajambo. Alinijibu bila kuinua macho: "Mteja haioni fiksa, mwanangu. Ataiona mjukuu wake."

Shida yetu kubwa ilikuwa maji. Fiksa nayo lazima iondoke, maana thaiosalfeti ikisalia ndani ya karatasi huvunjika polepole na kuila fedha, picha ikapauka na kuwa manjano, na joto na unyevu wa pwani huharakisha mambo. Karatasi za faiba zinakunywa dawa mpaka moyoni, hivyo zinataka maji mengi, na mfereji wetu ulikuwa na siku zake za kununa. Mjomba aliosha picha kwa maji ya kisima cha uani, yenye munyu wa kutosha kukunja uso, akiyabadilisha mara kwa mara. Suuza ya mwisho ilikuwa ya maji matamu ya mfereji, au ya mtungi ulionunuliwa kwa mtu wa mkokoteni ikiwa mfereji umekauka. Mimi niliuona huo kuwa ni ubahili wenye mpangilio.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia mafundi wa picha wa jeshi la majini la Marekani waliosha picha kwa maji ya bahari, wakaona yanaitoa fiksa haraka kuliko maji matamu. Chumvi huisaidia thaiosalfeti kung'oka kwenye gelatini. Sharti ni kwamba mwishowe picha isuzwe kwa maji matamu ili chumvi yenyewe isibaki. Kutokana na ujuzi huo Kodak ilikuja kutengeneza Hypo Clearing Agent, dawa ya salfaiti ambayo mchapaji wa karatasi za faiba leo anayo rafuni, yenyewe au iliyofanana nayo. Mjomba hakuwa amesoma hayo. Alikuwa na kisima, na alikuwa na tabia ya kuangalia picha zake zilizokaa ukutani kwa wateja wa zamani kila alipoalikwa chakula. Aliinuka mezani akaenda kuzisogelea kwa karibu, na mke wake akaona haya kwa ajili yake.

London niliikuta kazi hii ikiwa inazikwa. Mwaka 2005 Kodak ilitangaza kuacha kutengeneza karatasi za nyeusi na nyeupe, na Ilford, iliyokuwa imeponea chupuchupu, iliendelea mikononi mwa kampuni ya Harman huko Mobberley. Maabara zilifungwa na mashine za kukuzia zilitolewa kwa yeyote mwenye gari la kuzibeba. Mabaki hayo ndiyo yaliyoanzisha chumba cha giza cha ushirika nilichojiunga nacho, chini ya tao la reli, ambapo treni ikipita ulilazimika kusubiri mashine itulie kabla ya kuangaza karatasi.

Aliyekiongoza alikuwa mchapaji mstaafu. Maisha yake yote alikuwa amechapa picha za watu wengine. Majina yao yalitundikwa kwenye kumbi, na lake halikuandikwa hata nyuma ya fremu. Wenzangu walimwita kwa jina lake tupu, vijana wa miaka ishirini wakimwita mtu wa sabini. Mimi ulimi ulikataa. Nikamwita Mwalimu, akauliza maana yake, akaridhika nayo, na baadaye nilimsikia akijitambulisha hivyo kwa mgeni.

Kwake ndipo nilipokutana na seleni. Siku moja mwenzetu alileta picha nzuri ya mkono wa mama yake juu ya kitambaa cheupe cha meza. Ilipoingia kwenye tona, kile kitambaa kilianza kupata umanjano, kwanza kwenye kona, kisha mabaka mabaka katikati. Aliitoa haraka, akaisuza, akaisugua. Doa halikwenda popote, na haliendi. Alimgeukia Mwalimu akisema dawa imeiharibu picha. Mwalimu alimuuliza fiksa yake ilikuwa ya lini. Ilikuwa ya juma lililopita, tena ya watu wengi. Chumvi za fedha zilikuwa zimebaki katika weupe wa karatasi, hazionekani, na zingeendelea kutoonekana kwa miaka. Seleni ilizipata ikaungana nazo hapo hapo. "Dawa hii haikuiharibu," Mwalimu alisema. "Imekuletea habari mapema. Ungependa kuzisikia baada ya kuiuza?"

Nikamkumbuka Mjomba na mjukuu wa mteja. Watu wawili wasiojuana, mmoja wa Mombasa na mmoja wa London, walikuwa wakizungumzia jambo moja, ila huyu wa pili alikuwa na njia ya kumleta mjukuu leo leo. Ndipo akatuonyesha kipimo ambacho wachapaji hukitumia. Unazimua tona kwa sehemu moja ya dawa na tisa za maji, unadondosha tone moja kwenye ukingo mweupe wa picha iliyooshwa, unasubiri dakika mbili au tatu, unalikausha kwa karatasi ya kunyonyea. Ukingo ukibaki mweupe, fiksa ilitosha. Ukiacha alama ya manjano, haikutosha.

Katika mizigo yangu nilikuwa na bahasha ya picha za Mjomba ambazo hazikuchukuliwa na wenyewe. Kila studio ilikuwa na droo ya namna hiyo: watu waliopigwa wakasafiri, wakaghairi, au wakakosa za kulipia. Nyingi zilikuwa za pasipoti, na za pasipoti zina faida yake, kwani zilichapwa nne nne. Nilichagua seti ya kijana mmoja mwenye tai pana, nikakata moja katika zile nne, nikaidondoshea tone ukingoni. Mwalimu alikuja kusimama pembeni. Tulisubiri, nikalikausha. Karatasi ilikuwa nyeupe. Nikajaribu za seti nyingine, za mwaka mwingine, za msimu wa Idi ambapo kazi ilizidi na usingizi ulipungua, ambapo fundi yeyote angesamehewa kuvuta beseni kwa siku moja zaidi. Nyeupe. Mjomba alikuwa amefariki kabla sijaondoka Mombasa, kwa hiyo sikuwa na wa kumpigia simu. Mwalimu aliichukua ile ya kijana mwenye tai, akaigeuza, akaitazama upande wa nyuma pia, akasema angependa kumwajiri huyo mtu.

Somo la kwanza la seleni ni hilo, nami nimeliona likifanya kazi nje ya chumba cha giza mara nyingi. Uangalifu usioonekana na uzembe usioonekana hufanana kwa muda mrefu. Huwezi kuwatofautisha mafundi wawili kwa kutazama kazi zao siku ya kukabidhi. Inahitajika dawa ya kuitia kazi yenyewe, na mwenye busara huitia kazi yake mwenyewe kabla wengine hawajaitia.

Somo la pili lilinichukua muda zaidi, na linahusu jicho.

Hatua nyingi za kuchapa zina mwisho wake. Picha kwenye dawa ya kusafishia hupanda mpaka ikafika karibu na kikomo, na kwenye fiksa, kazi ikiisha imeisha. Tona haina kituo cha namna hiyo machoni pa mchapaji. Rangi inaanza kuhama na inaendelea kuhama muda mrefu, na wewe ndiye unayeamua ikomee wapi. Huwezi kurudi nyuma. Ikizimuliwa kwa moja kwa tisa, karatasi ya joto hubadilika kwa dakika chache, na kwa moja kwa kumi na tisa au zaidi unapata nafasi ya kufikiri. Vivuli hutangulia, mwanga hufuata baadaye, na katikati ya safari kuna kipindi ambapo vivuli vimeshakuwa kahawia na uso wa mtu bado ni wa kijivu. Wengine hupenda kusimama hapo hapo. Ni sawa na kukaanga vitunguu vya biriani: ukingoja mpaka vifikie rangi unayoitaka ndani ya karai, ukivitoa vitakuwa vimeipita, kwa sababu joto halikomi ulipovitoa. Picha nayo huendelea kubadilika kidogo mpaka maji ya suuza yaizimue ile dawa iliyonywewa na karatasi. Inabidi uitoe kabla.

Kabla ya nini, ndilo swali. Jicho hulizoea badiliko linalokuja polepole. Unasimama juu ya beseni ukiisukuma picha huku na huku, dakika zinapita, na unaapa kwamba hakuna kilichotokea. Kila sekunde inafanana na iliyotangulia. Mwalimu alikuwa na dawa ya ugonjwa huu, nayo ilikuwa beseni la pili lenye maji matupu. Alichapa picha mbili zilizo sawa, kwa muda ule ule, kwenye karatasi za boksi moja. Moja iliingia kwenye seleni, nyingine ililala kwenye maji, ikiwa imelowa vilevile, chini ya taa ile ile. Kila baada ya muda aliinua macho kutoka hii kwenda ile. Ansel Adams, mpiga picha wa California, alishauri jambo hilo hilo katika kitabu chake The Print cha mwaka 1983. Wengi huliona ni kupoteza karatasi. Mimi nikaiita ile ya majini picha ya shahidi, na jina likashika pale kwetu hata kwa wasiojua Kiswahili.

Mara ya kwanza kuitumia nilishtuka. Picha niliyoiona haijaguswa, nilipoilaza kando ya shahidi, ilikuwa imekwenda mbali sana, weusi wake ukiwa na wekundu wa kahawa iliyochujwa mara moja. Lililohama lilikuwa jicho langu, likisindikizana na picha hatua kwa hatua, na wasafiri wawili wanaokwenda mwendo mmoja hawawezi kuambiana wamefika wapi.

Adams mwenyewe ni mfano wa kutafakariwa hapa. Picha yake iliyojulikana kuliko zote, Moonrise, Hernandez, New Mexico, ilitokana na jioni moja aliyokuwa njiani akaona mwezi umepanda juu ya kijiji, na misalaba ya makaburi ikimulikwa na jua la mwisho. Alisimamisha gari, akawahi negativu moja, na kabla hajapiga ya pili jua likaiacha misalaba. Negativu ilikuwa ngumu kuchapa, na mwaka 1948 aliitia dawa ya kuiongezea nguvu sehemu ya chini. Aliichapa tena na tena kwa miongo, na chapa hazifanani. Za mwanzo zina mawingu mepesi kwenye anga ya juu. Za miaka ya baadaye anga imekuwa nyeusi karibu kabisa na mwezi unaning'inia peke yake. Adams, aliyekuwa mpiga piano kabla ya kushika kamera, aliilinganisha negativu na muziki ulioandikwa na chapa na kuupiga ukumbini, na kila mpigaji ana haki ya kuupiga upya. Sina ugomvi na hilo. Ninachokipenda ni kwamba chapa za mwanzo zipo, kwa hiyo tunaweza kuona alikotoka.

Tarehe ya picha aliisahau, na kwa miaka mingi iliandikiwa mara mwaka mmoja, mara mwaka mwingine. Waliomtatulia ni wanaastronomia, waliopima mahali mwezi ulipo juu ya kijiji wakahesabu kurudi nyuma, hatimaye wakaifikia 1 Novemba 1941. Kumbukumbu yake ilikuwa imehama. Mwezi ndani ya picha haukuhama.

Kumbukumbu zetu za nyumbani zinatiwa tona vilevile, na sisi wenyewe ndio tunaosukuma beseni. Baada ya Mjomba kufariki, hadithi zake ziliendelea kwenye maziko ya wengine na harusi za wengine, na kila zilipopita ziliongezeka weusi. Nilipokwenda likizo nilimkuta amekuwa mtu mkali asiyekopesha hata nduguye, mtu wa fedha mkononi ndipo picha. Hadithi ilichekesha, kila mtu aliiongezea chumvi, na mimi nilikuwa naicheka kama wao. Ila nilikuwa na daftari lake la studio. Kurasa zake zimejaa majina, na mbele ya majina mengi kuna maneno yake mafupi: atalipa Idi, atalipa mshahara, ameacha saa, ameacha saa, mrudishie saa. Yako majina ambayo hayakufutwa kamwe. Nililileta daftari sebuleni nikalisoma kwa sauti. Kwanza walicheka, kisha shangazi mmoja akaanza kuwakumbuka wenye saa. Hakuna aliyekuwa amesema uongo. Walikuwa wamekitazama kitu kimoja kikibadilika kwa muda mrefu bila kingine cha kukilaza kando.

Tangu hapo, jambo likiwa na uzito kwangu huliwekea shahidi mapema: barua isiyosahihishwa, rekodi ya sauti, rasimu ya kwanza ya maandishi. Huliweka majini nikaendelea kulibadilisha lile jingine kwa moyo mweupe. Shahidi hakuzuii kubadilika, ila hukuonyesha umefika wapi.

Seleni yenyewe nayo sifa yake ilihitaji shahidi. Kwa muda mrefu wachapaji tuliambizana kwamba ukiipitisha picha kwenye tona nyepesi kwa dakika kadhaa, hata rangi isipohama, umeinunulia karne. Watafiti wa Image Permanence Institute, huko Rochester, New York, walipozipima tona kwa ajili ya maikrofilamu za hifadhi, waligundua kwamba seleni iliyozimuliwa sana hailindi kwa kiwango kilichodhaniwa, hasa sehemu nyepesi ambazo dawa huzifikia mwisho. Salfa, ile ya mayai viza ya Mjomba, hulinda vizuri zaidi. Mwalimu alizipokea habari hizo kwa utulivu. Alisema yeye huitumia seleni kwa sababu ya weusi, na kuhusu karne, huitegemea fiksa na maji.

Mwaka fulani binamu yangu, bintiye Mjomba, alinipigia simu kutoka Mombasa. Yeye ni mkubwa kwangu, nami humwita dada. Alitaka picha ya harusi ya wazazi wake, ambayo kwa mzaha wa dunia haikuchapwa na Mjomba, kwani bwana harusi hawezi kusimama mbele ya pazia na kuwa kwenye beseni nyuma yake siku moja. Ilichapwa kwenye studio ya mtu mwingine. Uso wa mama yake ulikuwa umegeuka manjano na kwenye sehemu nyeusi palikuwa na ule mng'ao wa fedha unaojitokeza kwenye picha za kale ukiziinamisha. Alikuwa amesikia kwamba nina dawa ya kurudisha weusi.

"Ninayo dawa, dada, lakini hiyo hapana," nilimwambia.

"Kwa nini? Si unasema huifanya picha ikazidi?"

Nikamweleza kwamba tona hushika fedha iliyopo, na haileti iliyokwisha kuliwa. Nikamweleza kwamba picha ile ilikuwa moja tu, na kwamba kwa hali yake nilijua tone la seleni lingesema nini juu ya fiksa yake. Isitoshe, kitu kisicho na pacha hakitiwi kwenye beseni ambalo halina njia ya kurudi. Badala yake aliituma kwa mtu aliyekuwa akija London, nikaipiga kwa kamera kubwa kupitia kichujio cha buluu, ambacho huufanya umanjano usomeke kuwa weusi, nikapata negativu yenye uso mzima wa mama yake. Nilichapa mbili kwenye karatasi ya joto. Moja niliitia seleni mpaka kivuli cha buibui alilojitanda kikapata kahawia ya kina na macho yake yakasimama. Ya pili ililala majini.

Nilizipeleka zote Mombasa, pamoja na ile ya zamani ndani ya bahasha yake ya karatasi. Nilikuwa nimeshajua atachagua ipi. Dada alizilaza juu ya kitanda, akazitazama kwa zamu, akazisogeza dirishani, akazirudisha. Kisha akaisukuma kando ile niliyojivunia.

"Hii nzuri," alisema, "lakini imekuwa ya makumbusho. Mama hakuwa wa makumbusho." Akachukua ya shahidi.

Sikubishana. Ingekuwa mbele yake ipo picha moja tu na maelezo yangu, angeipokea kwa adabu na kunishukuru. Kwa kuwa zilikuwa mbili, alikuwa na la kuchagua, na alimjua mama yake kuliko nilivyoijua karatasi. Nilimwomba tu asiitie kwenye albamu ya gundi na asiitundike panapopigwa jua.

"Na ipi itadumu zaidi?" aliuliza, akiwa ameshaanza kutafuta fremu.

"Hiyo nyingine imezidi kidogo," nikasema. "Lakini zote nimezipitisha kwenye fiksa mbili, na zote nimeziosha."